Shajara ya mbara: boriti saba na mlango mmoja, Lamu

Wiki ya 1, Jumatatu

Nimeamua kuandika kila nikipata nafasi manake nikisema ntakumbuka huwa sikumbuki. Mimi ni seremala, ama nilikua najiita seremala mpaka leo asubuhi. Voi nimekaa karakana miaka miwili na nusu, vitanda, makabati, milango ya flashi, kazi yote mashine na ukikosea unatupa unakata mbao nyingine, mteja hajui na wala hataki kujua. Sasa niko Lamu, huku wananiita mbara, yaani mtu wa bara, mwanagenzi kwa fundi mmoja mzee ambaye kazi yake ni nyumba za kale za makumbusho, na leo kutwa nzima nimefagia.

Si utani. Nimefagia halafu nikachekecha nilichofagia, sababu kwenye vumbi kuna vipande vya nakshi vilivyodondoka na mzee anavitaka vyote, hata kiwe kama ukucha wa mtoto.

Vifaa vyangu vilitoka jeti juu ya punda. Huku gari haliingii, vichochoro vyenyewe punda wawili wenye shogi (mifuko ya mizigo ya ubavuni) wakikutana lazima mmoja arudi nyuma. Mzee (kila mtu hapa anamwita Ami, na mimi nimeshaanza) akafungua sanduku langu akatoa kimoja kimoja. Patasi, sawa lakini butu. Msumeno, sawa. Guni, sawa. Akafika kwa randa ya umeme, akaitazama kama mtu aliyeuziwa samaki wa juzi, akairudisha ndani taratibu akafunga sanduku. "Hii ilale."

Basi imelala.

Jumatano

Leo nimezungushwa nyumba. Ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, kuta unene wake unapita dhiraa, yaani ukisimama dirishani mkono mzima unaingia kwenye ukuta. Nje kuna daka, kibaraza cha mlangoni, lenye baraza mbili za kukaa, ukivuka mlango uko tekani, ukumbi wa kuingilia, ukikata kona ndio unatokea kiwandani, yaani uani, kwenye mwanga, hiyo kona imewekwa makusudi mtu wa njiani asione ndani. Baada ya kiwanda inakuja misana miwili, vyumba virefu vya kukaa, imefuatana, ya pili iko juu kidogo kuliko ya kwanza, halafu ndani kabisa kwenye zidaka (vishubaka) za chokaa ukuta mzima. Pembeni kuna birika la maji na ndani yake kuna visamaki, wanakula viluwiluwi vya mbu, nimewaangalia kama dakika kumi hivi mpaka nikaitwa.

Kitu kilichonishangaza ni vyumba, virefu kama behewa la treni lakini upana hata mita tatu haufiki. Nikauliza, Ami, hawa watu si walikua na pesa, mbona wamejibana hivi? Akanyoosha kidole kwenye dari. Boriti. Mti wa mkoko unakupa mita mbili na nusu, ukibahatika zaidi kidogo, ukitaka kwenda mbele ya hapo na uzito wa dari juu yake unapinda. "Nyumba haikupimwa na mwenye nyumba," akasema, "imepimwa na mkoko."

Kazi zetu ni mbili. Dari ya msana wa nyuma ambayo imeshuka upande mmoja, na mlango wa mbele ambao mfaa wake, ule mti wa katikati, umeoza chini. Dari lazima ifungwe kabla ya masika, sasa hivi kaskazi bado inavuma na mbingu ni kavu, lakini Ami kila asubuhi anaangalia juu kama mtu anayedaiwa.

Ijumaa

Kiamu, Kiswahili cha hapa Lamu, kinanipiga chenga. Ami yuko juu ya ngazi ananiita "ndoo! ndoo!" nami nikakimbia mpaka birikani nikarudi na ndoo ya maji imejaa. Ameniangalia tu. Mwashi wetu wa chokaa amecheka mpaka akakaa chini. Kumbe ndoo ni njoo. Njia ni ndia, chini ni tini, juu ni yuu, maji ni mai, jiwe ni iwe. Sasa mwashi kila akinitaka anasema "mbara, ndoo na ndoo".

Wiki ya 2

Tumehesabu boriti za msana wa nyuma, ziko 24. Kazi ya wiki nzima ilikua kuzigonga. Unapanda ngazi na mpini wa nyundo unagonga katikati, unagonga karibu na ukuta huku, unagonga karibu na ukuta kule, unasikiliza. Nzima inajibu kakamavu, ti. Mbovu inajibu bu, kama mtu amejaza mdomo chakula. Siku mbili za kwanza mimi sikusikia tofauti yoyote, nilikua nakisia na Ami alijua nakisia, siku ya tatu sikio likafunguka lenyewe. Baada ya sikio ndio bisibisi nyembamba, unaidunga pale boriti inapoingia ukutani. Kwenye moja imezama yote kama muhogo uliochemka.

Jumla mbovu ni saba. Tano zimeoza vichwa, zote upande wa magharibi, mbili zimebunguliwa kati mpaka zikawa unga.

Hapo nikatoa maoni yangu ya karakana. Nikasema Ami, tunafungua dari, tunaweka nguzo za kushikilia, si tubadilishe zote 24 mara moja tumalize, mpya zote, zinanyooka, zinapendeza. Akashuka ngazi. Akaniuliza, "Hizi kumi na saba zimekukosea nini?"

Sikua na jibu na bado sina.

Kununua miti ni darasa jingine. Mimi maisha yangu yote nimeita boriti kila mti wa dari, huku boriti ni saizi. Nyembamba kabisa ni fito, halafu pau, halafu mazio, halafu ndio boriti, ambayo ni kama sentimita 11 na nusu mpaka 14 hivi za unene, na juu yake kuna nguzo. Na huuziwi mmoja mmoja, unauziwa korija, miti 20. Sisi tulitaka saba tukanunua korija nzima, manake kwenye 20 ukipata kumi iliyonyooka kweli shukuru, na inayobaki itafaa sabule, chumba cha wageni, baadae.

Mzee aliyeileta na mashua ni mkata mikoko tangu ujana wake. Tukampa kahawa akaanza kuhadithia majahazi yaliyokua yakipakia boriti hapa kupeleka Uarabuni, nyumba za kule zimeezekwa kwa miti ya huku, mpaka serikali ilipofunga usafirishaji mwaka 1982. Halafu 2018 ikaja marufuku ya kukata miti nchi nzima, na ya mikoko ikiwemo, hapo anasema alikaa nyumbani anaangalia shoka ukutani mpaka 2019 walipofunguliwa Lamu. Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya nzima iko huku, anasema hivyo kama ni shamba lake. Sasa anakata kwa kibali na kwa hesabu. Ami yeye hakua anasikiliza hadithi, alikua ameinama anazungusha miti mmoja mmoja chini akiangalia ipi inayumba.

Nyingine ya wiki hii: bibi wa nyumba inayotazamana na yetu ameanza kutuletea mahamri. Ni mtu mzima sana, hashuki, anamtuma mjukuu na yeye anazungumza kutoka dirishani. Nikamwambia sabalkheri bibi, akajibu, halafu swali la kwanza, huo mlango mtautoa? Nikasema ndio bibi wiki ya nne. Akanyamaza kidogo. "Mimi nikilala najua nani kaingia nani katoka kwa huo mlango. Unalia." Nikamwambia asijali utarudi na hautalia tena. Nilidhani nimempa habari njema.

Wiki ya 3

Tumefungua dari kutoka juu. Kuanzia chini kuna boriti, juu yake mawe bapa ya matumbawe yamelazwa kutoka boriti mpaka boriti, juu yake kokoto na chokaa, unene wa kama futi moja, na juu kabisa tukakuta saruji. Kuna mtu miaka ya nyuma aliona dari inavuja akamwaga saruji, nia yake nzuri, simjui na simtafuti. Lakini chokaa inapumua, maji yakiingia yanapata pa kutokea, saruji haipumui. Ikapasuka nyufa nyembamba, maji ya mvua yakaingia kwenye zile nyufa, yakakosa pa kutokea, yakateremka taratibu kufuata mteremko wa dari mpaka upande wa magharibi, yakakaa pale kwenye vichwa vya boriti miaka na miaka. Ndio vile vitano vyote vilikua upande mmoja. Mimi nilidhani ni bahati mbaya.

Kutoa boriti ya kwanza imetuchukua siku nzima. Chini unasimamisha nguzo mbili na ubao umelala juu yake, halafu unapiga kabari, si kuinua dari, ni kuigusa tu, Ami anasema dari imeshakaa vile ilivyokaa ukiitingisha itakutingisha. Unatoa mawe ya juu ya ile boriti moja tu na kila jiwe linaandikwa namba kwa chaki lirudi mahali pake. Boriti ikitoka vichwa vinamwagika unga.

Sasa kuingiza mpya. Hapa nilisimama nikakuna kichwa vizuri. Vichwa viwili vyote vinatakiwa viingie ndani ya ukuta, kushoto shibiri moja, kulia shibiri moja, na kuta hazisogei. Ukikata mti wa urefu unaotakiwa hauingii, ukikata unaoingia haufiki. Mimi nikapendekeza kubomoa ukuta kidogo. Ami akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Unachimbua tundu la upande mmoja liende ndani mara mbili, unasukuma boriti yote huko mpaka kichwa cha pili kipite, halafu unairudisha nyuma iingie tundu la pili, unajaza nafasi iliyobaki na jiwe na chokaa. Basi. Dakika tano. Nilikaa chini nikaitazama ile boriti kama imefanya mazingaombwe.

Upande wa juu, ule utakaofunikwa na mawe, Ami ameandika mwaka kwa ncha ya patasi. Kila mpya inaandikwa. Siku nyingine fundi mwingine akifungua ajue ipi ni ya kale na ipi ni yetu.

Halafu jambo ambalo hatukulitegemea, kwenye boriti mbili za zamani, chini ya tabaka za chokaa nyeupe zilizopakwa na kupakwa, imetokea mistari ya rangi, nyekundu na nyeusi, imezunguka mti kama bangili. Dada afisa wa makumbusho akaja mbio na kamera, akapiga picha kila upande, akafunga kibandiko cha namba kwenye boriti zote 24. Mojawapo ya hizo mbili ni ya kule kule mwisho niliyotaka kuitoa kwa sababu "haipendezi".

Wiki ya 4

Jumatatu tumetoa mlango. Mlango wa kale hauna bawaba, kila ubao una ncha juu na ncha chini zinazozunguka ndani ya matundu ya vizingiti, kwahivyo kuutoa lazima uinue, uulaze kidogo, uvute chini, watu wanne na kelele nyingi na kila mpita njia ana ushauri. Tumeulaza kiwandani juu ya magunia. Mfaa, ule mti wa katikati unaofunika mwanya wa mbao mbili, umepigiliwa kwenye ubao mmoja tu na huo mwingine ukifungwa unaulalia. Nakshi yote imejaa hapo na kwenye miimo, miti ya kando ya fremu, waridi juu ya waridi, na katikati yake mnyororo. Chini, kama sentimita 28 hivi, hakuna kitu, ni sifongo. Mvua ikinyesha kichochoro kinapitisha maji yanaruka mpaka dakani.

Ami alikwangua chembe akanusa. "Mbambakofi."

Jumatano

Hii siandiki kwa raha.

Ami alienda kuswali adhuhuri, akaniacha na mwimo wa kulia nitoe vumbi kwa brashi laini. Vumbi lenyewe limegandana na mafuta ya mikono ya watu wa miaka na miaka, brashi inateleza tu juu yake. Mfukoni nilikua na kipande cha msasa namba 120, tabia ya karakana, sikosi msasa mfukoni. Nikasema nijaribu pahali padogo. Pahali padogo pakawa kiganja kizima, na mti ulivyotokeza mwekundu, laini, unang'aa, nikajipongeza kabisa, nikapiga na picha nikamtumia ndugu yangu.

Ami akarudi. Akaweka kiganja chake pale pale. Akaniuliza, "Hapa palikua na nini?"

Nikasema uchafu, Ami.

"Palikua na patasi ya mtu. Alikaa hapa akapiga, alama zake zilikua hapa. Na juu yake mikono ya wote walopita huu mlango." Akatoa kiganja. "Sasa pana nani?"

Nikanyamaza.

"Pana wewe."

Hakusema neno jingine mpaka tukafunga. Nimewahi kutukanwa na matajiri wa karakana wawili tofauti, mmoja alinirushia nyundo, wallahi afadhali nyundo.

Alhamisi

Nilikuja mapema na wazo. Nikamwambia ntachemsha kahawa nzito nipake pale, itakua nyeusi, hakuna atakayejua. Akasema wewe utajua na mimi ntajua na mlango utajua, acha. Dada afisa akaja akapima, akaandika kwenye fomu yake, mwimo wa kulia, eneo limekwanguliwa, sentimita 11 kwa 9, wakati wa ukarabati, na tarehe. Jina langu hakuandika. Nilitaka kumshukuru nikaona aibu.

Wiki ya 5

Kunoa. Siku tano za kunoa, hakuna kingine. Patasi zangu, patasi za Ami, tezo, randa za mkono, hata visu vya jikoni vya bibi wa mbele ambaye sijui alipata habari wapi. Mwanzoni nilijua ni adhabu, kufika Jumatano nikagundua patasi niliyodhani kali maisha yangu yote haikuwahi kuwa kali. Ukiwa nayo kali kweli kweli mbambakofi inakatika kama sabuni, na mbambakofi ni mti unaovunja moyo na meno ya msumeno.

Jumapili nilienda Matondoni kwa miguu, saa moja na ushei, kuangalia watu wa majahazi. Huko keekee bado inafanya kazi, ule upinde wenye kamba unaozungusha ncha ya chuma, mzee mmoja anatoboa ubao wa chombo huku anazungumza na simu kashikilia kwa bega. Nikamuuliza kwanini asitumie drili ya betri, akasema anayo, iko pale, akanionyesha, ila ubao wa huyu mteja ni wa thamani na keekee inakuambia ukifika pabaya. Mkono unasikia. Drili inapita tu. Akanipa nijaribu, nimetoboa tundu moja limepinda kama mkia wa nguruwe.

Wiki ya 6 na 7

Tuko kwenye mfaa. Ntaandika polepole hapa sababu ndio kazi niliyoipenda kuliko zote.

Mimi nilitegemea tutachonga mfaa mpya. Hapana. Tunakata ile sehemu iliyooza tu na kuunga mguu mpya. Na hatukati mraba, tunakata mshazari, mkato mrefu wa karibu shibiri mbili, mti wa zamani ukalalia mpya, mpya ukalalia wa zamani, na katikati ya mkato kuna kidato ili usiteleze. Mkato huo wa kwanza Ami alikata mwenyewe kwenye mti wa kale. Alipochora mstari nikaona ameuacha ndani kabisa ya sehemu iliyooza, nikamwambia Ami hapa bado kuna laini laini. Akasema najua, nitarudi nyuma kidogo kidogo mpaka niguse mgumu, nikianza kwenye mgumu nimeshamwibia mtu.

Mguu mpya nikakata mimi. Hatutumii futi. Ami ana kijiti, anakiweka, anatia alama ya kucha, anakihamisha. Nimepinga siku ya kwanza, siku ya pili nikasoma futi upande wa inchi badala ya sentimita nikaharibu kipande cha mbambakofi kilichokauka miaka mingi kwenye stoo, tangu hapo na mimi nina kijiti.

Kupachika: unapaka chokaa kavu kwenye uso mmoja, unagusanisha, unatoa, pale palipoguswa panaonekana peupe, unapunguza hapo tu kwa patasi, unagusanisha tena. Nimegusanisha mara 31, nilikua natia alama ukutani kama mfungwa. Mara ya 31 nyeupe imeenea uso mzima. Tumeshindilia vigingi vitatu vya mti, hakuna skrubu, hakuna gundi ya dukani.

Halafu ukazuka mzozo. Mguu mpya uwe na nakshi au uwe mtupu? Dada afisa anasema mtupu, ama tofauti, mtu akiangalia ajue hii si ya kale, kuna mkataba wa wataalamu wa Venice wa 1964 unaosema kipande kipya kipatane na kizima lakini kijulikane ni kipya. Ami anasema mlango bila nakshi chini ni mtu amevaa kanzu na koti halafu hana viatu, na nakshi haikuwekwa na Venice. Wote wawili kwa adabu, bibi wa mbele juu anasikiliza, mimi katikati nashika patasi. Wamebishana siku mbili. Ilivyoisha ni hivi: waridi zinaendelea mpaka chini, mpangilio ule ule, ila kina chake ni nusu ya za zamani na rangi haipakwi, ukisimama mbali mlango ni mzima, ukichuchumaa unaona. Mimi naona dada afisa ndio alishinda na Ami anaamini ni yeye, kwahivyo sawa.

Waridi ziko kumi na moja. Tisa kachonga Ami. Mbili za chini kabisa kanipa mimi. Ya kwanza petali moja imenenepa. Nikamuonyesha kabla hajaona mwenyewe, nimejifunza. Akaitazama. "Hiyo ni patasi yako. Ikae."

Wiki ya 8

Mvua imetangulia. Jumanne usiku imenyesha saa moja nzima na dari ilikua imebaki mita moja haijafungwa, tulikimbia usiku na turubali, mimi, mwashi na Ami mwenye miaka yake, tunateleza juu ya paa gizani. Haikuharibika kitu.

Kuanzia Jumatano ni chokaa. Imetoka shimoni ilikolazwa tangu kabla sijafika, laini kama samli. Saruji hata mfuko mmoja haujavuka mlango. Unatandaza, halafu watu wanakaa mstari na vibao wanapiga, taratibu, kutwa, mpaka inashikana na inatoa mlio mwingine. Mikono yangu imeisha. Mwashi anaimba nyimbo ambazo nusu sielewi na nusu nyingine afadhali nisingeelewa.

Wiki ya 10, Alhamisi

Wiki ya 9 sikuandika, ilikua kusafisha na malaria kidogo.

Leo tumerudisha mlango. Watu wanne tena, washauri kumi tena. Ncha za chini zikaingia tunduni, za juu zikaingia, Ami akausukuma kwa kidole kimoja ukaenda mpaka mwisho, na ule mchirizi wa kale kwenye sakafu ya tekani, nusu duara iliyochimbwa na mlango wenyewe miaka yote, mlango umepita juu yake pale pale. Mguu mpya haujagusa popote. Nikajikuta natabasamu peke yangu kama mwehu.

Ukafungwa. Ukafunguliwa. Kimya.

Bibi juu dirishani: "Mbona haulii?"

Watu wote wamegeuka kunitazama, sijui wamejuaje. Kweli, asubuhi kabla hawajafika nilitia grisi kwenye matundu ya chini. Si nilimuahidi bibi hautalia tena? Ami hakusema kitu, akanipa tambara. Tukauinua mlango upya, watu wanne, mimi nimelala chini kifudifudi natoa grisi kwa kidole na tambara, halafu kwa mafuta ya taa, halafu kwa tambara kavu, kama nusu saa. Ami akaweka tone la mafuta ya simsim kwa unyoya. Tone moja.

Magharibi nikawa wa mwisho kutoka. Nikauvuta. Ukatoa sauti nyembamba ndefu, kama mtu anaamka usingizini.

"Nani huyo?" kutoka juu.

"Ni mimi bibi. Mbara."

"Haya. Funga vizuri."

Jumatatu tunaanza sabule. Boriti zimebaki 13 kwenye korija, na leo nimezizungusha zote chini mwenyewe, zinazoyumba ni tano.